Dungu la Nzohe Hujengwa Wakati wa Mvua

Wageni wanaokuja kuwinda nzohe, swala wa vinamasini, huku kwetu Uganda huuliza kwanza dungu, yaani jukwaa la kuvizia lililoinuliwa juu ya nguzo, lina urefu gani. Ni wachache wanaouliza watalifikia vipi. Kwa miaka niliyojenga madungu kando ya vinamasi vya mto Mayanja, upande wa Nakaseke, nimeona kwamba hilo la pili ndilo linaloamua kama mtu atamwona mnyama au atapigana na mbu mpaka jua liwake. Dungu baya lenye njia nzuri litakupa nzohe. Dungu zuri lenye njia mbaya litakupa mandhari.

Nieleze kwanza hali ilivyo, kwa sababu ndugu zetu wa Kenya wakisikia habari za kuwinda hushtuka. Kwao uwindaji wa wanyama wakubwa ulifungwa mwaka 1977 na haujafunguliwa. Uganda tulifunga mwaka 1979, kisha mwaka 2001 ukarudi kwa majaribio katika ardhi za wafugaji zinazopakana na Hifadhi ya Ziwa Mburo. Huku ninakofanya kazi mimi, mgeni huja na leseni ya Mamlaka ya Wanyamapori, afande wa mamlaka hiyo huwa pamoja nasi, na dume linalotafutwa ni lile lililokomaa. Majike na vijana wao hatuwagusi. Nzohe wa hapa hawaishi ndani ya hifadhi. Wanaishi kwenye mafunjo, katikati ya mashamba ya watu na ng'ombe wa watu, na mwenye shamba asipoona faida yoyote kwao, kinamasi kitalimwa mpunga na habari itaishia hapo.

Mimi ni Mnubi wa Bombo, mzao wa askari wa Kisudani, ndiyo maana naandika Kiswahili bila kuhangaika. Nyumbani kilikuja na jeshi. Kazini nakitumia na afande. Na vijana wa kijiji tunaongea Kiganda. Na wageni, Kiingereza cha kuonyeshana vidole. Mwalimu wangu wa kinamasi ni mzee mmoja mvuvi tunayemwita Jjajja, anayetega migono ya kambare na kamongo tangu ujana wake. Mwalimu wa pili alinijia kutoka mbali. Alikuwa Mmarekani wa makamo, mtu wa Michigan, aliyefuatana na mwanawe. Mwanawe ndiye aliyekuwa na leseni na bunduki. Baba alikuja na kamera tu, lakini kwao ni mtu wa upinde. Huwinda kulungu mkia-mweupe, mnyama ambaye Afrika yetu hii hayupo, na ambaye pembe zake huanguka kila mwaka zikaota upya. Nilipomwambia nzohe hubaki na pembe zake maisha yote alicheka, akasema basi mnyama wenu ana akiba.

Yule baba alikataa dungu la mbali. Bunduki ya mwanawe ingeweza kumfikia mnyama aliye mita 150, na madungu mengi hujengwa kwa hesabu hiyo. Yeye alitaka kukaa kama anavyokaa kwao na upinde, mnyama awe mita 20 au 30. Afande akaniuliza kwa Kiswahili, "Huyu mzungu anajua nzohe ana pua?" Nikamwambia, "Afande, nadhani anajua kuliko sisi." Kwa umbali ule kila kitu ambacho bunduki hukusamehe, upinde haukusamehi: mlio wa ubao, harufu ya sabuni, ncha ya kiwiko. Tangu hapo najenga kila dungu kana kwamba aliyemo ana mshale, hata kama atakuja na bunduki ya kufika ng'ambo ya mto.

Sasa kuhusu mvua. Msimu wetu mzuri ni kiangazi, Desemba hadi Februari, na tena Juni hadi Agosti. Wengi huanza kujenga mwisho wa Novemba kwa sababu ndipo gari linapofika bila kuzama. Mimi huanza Septemba au Oktoba, kunaponyesha, na vijana wangu hunilaumu kila mwaka. Lakini mvua inafanya kazi ambayo hakuna mtu anayeweza kulipwa kuifanya. Inaosha harufu zetu. Inafunika kelele za panga na nyundo. Inalainisha udongo ili nguzo ziingie chini ipasavyo. Inaonyesha maji yanafika wapi yakijaa, ili usije ukaweka njia yako mahali ambapo mvua moja ya ghafla mwezi Januari itaigeuza kuwa mfereji. Na mnyama anapata wiki nyingi za kuizoea ile kitu ngeni iliyoota kando ya mafunjo yake. Yule Mmarekani aliniambia kwao msimu wa upinde hufunguliwa tarehe 1 Oktoba, na yeye hupenda kuwa amemaliza kazi yote ya dungu kabla majira ya joto hayajaisha, kisha haendi tena hata kuchungulia. Nilifurahi kusikia hivyo, maana nilikuwa nikidhani ni mimi tu mwenye wazimu huo.

Kabla ya nguzo hata moja kusimama, namfuata Jjajja katika mtumbwi. Nzohe hupita ndani ya mafunjo kwa mapito yake, vichochoro vya chini ambavyo ukisimama huvioni, mpaka uiname. Kwato zake ni ndefu na hutanuka, hivyo alama yake kwenye tope haifanani na ya mbawala wala ya mbuzi. Hulala juu ya mafunjo aliyoyakanyagakanyaga mpaka yakawa kitanda juu ya maji. Ukimshtua, hazamii tu kwenye majani. Anaweza kuingia majini akabakiza pua nje, nawe ukapita karibu naye ukidhani kinamasi kizima ni chako. Vyote hivi Jjajja anavijua. Jambo alilonifunza ambalo sikulisikia kwa mwingine yeyote ni kwamba nzohe hupenda kutumia njia za wavuvi. Mtumbwi ukipita mahali pamoja mara kwa mara, mafunjo hufunguka, na yeye huona ni heri apite hapo kuliko kujichosha. Kwa hiyo tunapotafuta mahali pa dungu tunatafuta pale mapito yanapokutana na mfereji wa migono, au pale mafunjo yanapoisha na nyasi fupi kuanza. Kamera za kufunga mtini ninazo, mbili. Zinasaidia kujua saa. Mahali, Jjajja anajua bila betri.

Kufyeka nako kunahitaji kiasi. Kijana ukimpa panga atakufungulia uwanja wa mpira. Mimi hufungua vichochoro vitatu vya kuonea, vyembamba, kutoka dunguni kwenda kwenye mapito, na hapo katikati tunakata mafunjo mpaka usawa wa maji. Tukikata Oktoba, Desemba huwa kuna machipukizi laini, na nzohe hupenda machipukizi kuliko mashina makongwe. Hakuna chambo kingine. Mafunjo yanayolizunguka dungu lenyewe siyagusi hata kidogo. Hayo ndiyo ukuta wangu.

Nguzo huwa za mikaratusi, maana hupatikana na hunyooka. Zinapakwa oili chafu sehemu ya kuingia ardhini kwa ajili ya mchwa, na hilo nalo ni sababu ya kujenga mapema, oili inanuka. Sakafu iwe mita 5 au 6 juu, ipite vichwa vya mafunjo. Sasa, mbao tulizozipigilia wakati wa mvua zikikauka husinyaa, msumari unalegea, na ubao uliokuwa kimya Oktoba unaanza kulia Desemba. Ndiyo sababu narudi mara moja tu, mvua zikikatika, mchana wa jua kali wakati nzohe wamelala, nikiwa na bisibisi na magunia ya zamani. Nakanyaga kila ubao kwa uzito wangu wote. Unaolia naukaza kwa skrubu, kisha gunia linatandikwa sakafu nzima, na vipande vyake vinafungwa kwenye ukingo ambapo bunduki, kamera au upinde utagusa. Mmarekani alinionyesha jingine: kukaa mahali atakapokaa mgeni, kuinua mikono kana kwamba unavuta upinde, kushoto, kulia, na kuona kiwiko kinagonga wapi. Nguzo mbili nilizihamisha kwa ajili ya kiwiko.

Ngazi na usalama nitavipitia haraka, ingawa ndivyo vinavyoua watu. Kila mwaka kamba zote za zamani zinatupwa. Mshipi wa usalama unafungwa ukiwa bado chini, siyo ukishafika juu. Kupanda ni viungo vitatu vishike, kimoja kisogee. Silaha haipandi na mtu. Inavutwa kwa kamba baadaye, ikiwa tupu. Na kabla ya kupanda, mulika chini ya sakafu, maana nyigu hupenda kivuli hicho, na siafu wakipata nguzo hawaulizi mwenyewe ni nani.

Nikija kwenye upepo, hapa ndipo nilipojifunza mengi, na hapa ndipo watu wengi hawataki kusikiliza. Huulizwa, "Upepo wa huku unatoka wapi?" kana kwamba upepo una kijiji. Kwenye bonde lenye kinamasi upepo una saa. Usiku ardhi ya mteremko hupoa, hewa baridi ikawa nzito, ikateremka polepole kuelekea kwenye mafunjo, kisha ikafuata bonde kwenda chini kunakoelekea maji. Jua likishapanda na kuupasha moto mteremko, hewa hugeuka na kupanda kutoka kinamasini kwenda kilimani. Jioni inageuka tena. Unaweza kuiona kwa macho. Nabeba jivu lililochekechwa katika kitambaa chepesi. Nikikigonga kwa kidole, vumbi linatoka na kuniambia harufu yangu inakwenda wapi. Mtu akishika jivu hilo asubuhi moja tu, alfajiri mpaka saa nne, haniulizi tena upepo unatoka wapi.

Maana yake ni nini? Kwamba dungu la asubuhi na dungu la jioni haliwezi kuwa moja. Asubuhi, mtu anayeteremka kutoka barabarani anaitanguliza harufu yake kinamasini kabla ya miguu yake kufika. Atapanda dungu, atakaa kimya vizuri sana, na hatajua kwamba nzohe walibweka na kuondoka yeye akiwa bado anafunga mlango wa gari. Kwa hiyo la asubuhi nalijenga upande wa chini wa bonde, maji yanakoelekea, na tunaingia kwa mtumbwi kutoka chini hukohuko. Harufu yetu inabaki nyuma yetu, kwenye maji tuliyokwisha kuyapita. La jioni liko upande wa nchi kavu, nyuma ya kichuguu kikubwa, na unaliendea alasiri, jua likiwa bado kali, hewa ikiwa inapanda kukuelekea usoni. Unateremka kilimani moja kwa moja, kichuguu kikikuficha mpaka kwenye ngazi.

Dungu hilo la jioni lina ugonjwa mmoja. Jua likizama tu, hewa inageuka, na ndiyo saa nzohe anapotoka. Huo muda mfupi wa kugeuka ni wa wasiwasi mtupu. Urefu wa dungu unasaidia kidogo, harufu hupita juu kabla ya kushuka. Mimi huangalia jivu. Likianza kuning'inia bila kujua liende wapi, namwambia mgeni kama mnyama hajaonekana, tuondoke sasa tukiwa bado wasafi, tulitunze dungu kwa kesho. Wageni huchukia sana. Wamelipa fedha nyingi, mwanga bado upo, na mtu mmoja mwenye kitambaa cha jivu anawaambia washuke. Baba wa Michigan alishuka bila neno. Mwanawe alinung'unika mpaka garini.

Ningependelea madungu mawili mabaya kuliko moja zuri. Nimeyaona mazuri, yenye paa la makuti, viti vya kuegemea na mlango. Watu huyatumia asubuhi na jioni, kila siku, kwa sababu ni mazuri. Baada ya siku chache kinamasi hicho huwa na kamongo tu.

Njia yenyewe ya kuendea huwa tunaifagia. Ndiyo, kwa ufagio na reki. Kuanzia pale gari linapoachwa mpaka kichuguuni, matawi makavu na majani yanaondolewa, mizizi inakatwa, mawe yanasogezwa, upana wa mtu mmoja tu. Nafanya hivyo Novemba, kisha narudia mara ile ile ninayorudi kukaza mbao. Pale penye tope tunatandika mashina ya mafunjo yaliyokatwa, tabaka juu ya tabaka, ili gambuti isizame na kutoka kwa ule mlio wa kunyonya ambao mnyama aliyeishi kinamasini maisha yake yote anaujua kuliko wewe. Kwenye kila njia panda nafunga kitambaa cheupe kwenye shina, chini magotini, ili gizani mtu asihitaji tochi zaidi ya kuielekeza ardhini. Tochi yetu ina karatasi nyekundu mbele. Kwa dungu la asubuhi tunaondoka kambini saa kumi usiku, saa kumi na moja tuwe tumekaa, kwa sababu baada ya kukaa kinamasi kinahitaji muda wa kusahau kwamba mtu amepita. Kwarara, ndege wale wenye makelele, ndio wa kuogopa. Wakishtushwa mtini wanapiga kelele bonde zima, na mti wanaolala ukishaujua, njia inapindishwa hata kama ni kuzunguka sana.

Harufu ya mwili haifutiki, ila inapunguzwa. Nguo za dunguni zinafuliwa bila sabuni ya manukato, zinaanikwa kwenye moshi wa kuni kidogo, maana moshi hapa uko kila asubuhi, kila nyumba inapika. Gambuti za dunguni hazivaliwi kwenye pampu ya petroli. Hakuna sigara, hakuna waragi. Na roleksi, jamani. Chapati, mayai, vitunguu, kabichi, katika mfuko wa plastiki unaopiga kelele. Afande wetu alikuwa akipanda nayo kila asubuhi. Nikamwambia kwa heshima zote, "Afande, tafadhali, kula garini." Akajibu kwamba amri ya kazi yake haisemi chochote kuhusu kifungua kinywa. Tulikubaliana ale ndizi mbivu, maana ndizi haina mlio, na kijiji kizima kinanuka ndizi.

Upande wa upinde, baba wa Michigan alinieleza jambo ambalo sina kazi nalo hapa lakini nalipenda. Ukiwa juu, mshale huvutwa chini na ardhi kwa kadiri ya umbali wa mlalo tu. Mnyama aliye mita 10 kwa mstari wa macho kutoka mita 6 juu, kwa mlalo yuko mita 8, na anayelenga kwa 10 atapiga juu. Kwa mnyama aliye mbali tofauti ni ndogo, si ya kumnyima mtu usingizi. Kosa la kawaida zaidi, alisema, ni kushusha mkono badala ya kukunja kiuno. Alinionyesha kwa fimbo, akakunja kiuno mbele ya vijana, nao walidhani ni ngoma.

Huyohuyo ndiye aliyeniuliza swali ambalo sikuwa nimelifikiria vizuri: mnatokaje? Nzohe akiwa bado anakula pale mbele, mkashuka anakuona, kesho dungu limekufa. Kwao, alisema, mwenye shamba huja na trekta, kulungu husogea, wasijue kwamba juu mtini kulikuwa na mtu. Trekta hatuna. Boda boda ilijaribiwa, ikakwama. Tulicho nacho ni ng'ombe. Asubuhi wachungaji huwashusha ng'ombe kunywa maji, wenye pembe ndefu, wakipiga mbinja na kuitana, na nzohe hawakimbii. Huingia taratibu ndani ya mafunjo, wakasubiri wapite. Kwa hiyo nikampigia simu kijana mchungaji wa jirani. Nikimtumia ujumbe, analeta kundi mpaka chini ya kichuguu, tunashuka upande wa nyuma, tunatembea kati ya ng'ombe mpaka juu barabarani, tukinuka mavi yao.

Imefanya kazi vizuri mno, hata sasa alasiri mara nyingine tunaingia nao pia. Kijana ameshajua thamani yake. Mwanzo alitaka muda wa maongezi wa simu. Msimu uliopita akaomba gambuti, zikanunuliwa. Juzi amekuja na mjomba wake, mwenye ng'ombe, na mjomba anasema ng'ombe ni wake, si wa mtoto, na kwamba kama wanafanya kazi ya uwindaji basi walipwe kwa kichwa. Tumekaa chini ya mwembe alasiri nzima. Tumefika kwenye dume na majike wakubwa. Ndama bado tunabishania.